Karibu Tena, Mwalimu Nukta

Kazini walimwita Fundi, ingawa hakuwahi kushika bisibisi. Alitunza mfumo wa mtandaoni ambamo walimu huandika masomo yao na kuyahifadhi. Zamani kila seva ilipozimwa, walimu wote walitupwa nje na kulazimika kuingia upya, nao wakampigia simu kumsema. Mwanzoni mwa mwaka akaona yatosha. Akahamishia vikao vyao, yaani kumbukumbu za nani ameingia, kwenye kanzidata iliyo kwenye wingu la mtandao: mtu akiingia mara moja, kumbukumbu yake inakaa huko, na mfumo haumuulizi tena neno la siri. Ukomo wa vikao hivyo hakuuweka. Alikuwa na haraka, akasema angeuweka baadaye.

Mwezi wa nne kaka yake akafariki. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta kwa jinsi alivyogombana nao juu ya nukta za desimali. Yeye mwenyewe alilipenda jina hilo, akajiandikisha nalo kwenye mfumo wa dada yake.

Miezi miwili baada ya maziko, mkuu wa ofisi akamwagiza Fundi afute vikao vilivyolala. Akafungua orodha, akashuka nayo taratibu. Akaliona jina: Mwalimu Nukta. Mbele yake paliandikwa: kimetumika leo, saa sita na dakika kumi mchana.

Akajiambia ni saa ya seva imekosea. Kesho yake akakaa mbele ya orodha, chai ikapoa mezani. Saa sita na dakika kumi, mstari wa kaka yake ukabadilika mbele ya macho yake.

"Una nini? Umekuwa kama uliyemwagiwa maji," jirani yake wa meza akamuuliza.

"Sina kitu."

Siku ya tatu akatoka kazini kabla ya saa sita, akaenda kwa mama yao. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Chumbani kwa kaka, shuka lilikuwa limetandikwa kama la mtu anayetarajiwa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, laptopu ya marehemu mapajani, miwani imeshuka puani.

"Mama, unafanya nini?"

"Alikuwa akirudi kula saa hizi," mama akajibu bila kugeuka. "Nikikifungua hiki, kinasema *Karibu tena, Mwalimu Nukta*. Basi, nafunga. Siku hizi hakuna mwingine anayemwita."

Fundi akakaa kando yake. Alitaka kunyamaza, arudi kazini na kuuruka mstari ule. Lakini kikao kisicho na mwisho ni mlango usio na komeo, na yeye ndiye aliyeuacha wazi. Atakayeiokota laptopu hiyo ataingia kwa jina la kaka yake. Akamweleza mama yote, pole pole, hadi kosa lake mwenyewe.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Masomo yake yatapotea?"

"Hayatapotea. Nitayatunza yote. Ni salamu tu itakayoondoka."

"Salamu tu," mama akarudia. "Basi futa wewe, mwanangu. Asifute mtu baki."

Jioni ileile Fundi akaweka ukomo wa siku thelathini kwa kila kikao, kiwe kinatumika au kimelala. Kikao cha kaka yake akakifuta peke yake, kwa mkono. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, kisha kikashuka.

Kesho yake mchana alijikuta ameifungua tena orodha. Jina la kaka yake halikuwamo. Simu ikaita.

"Nimekifungua," mama akasema. "Sasa kinaniuliza mimi ni nani."

"Ukajibuje?"

"Sikujibu. Njoo ule, chakula kipo."

Fundi akachukua mkoba wake, akatoka.