Mawe ya Kibosho yalivyotaka kuniponza kwenye mnara wa kuoshea gesi

Wakuu, kwema humu? Hii sijasimuliwa, ilinikuta mwenyewe. Niliofanya nao kazi wakipita hapa wataniumbua nikitia chumvi.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa fundi kwenye kiwanda kidogo pale Moshi, tunatengeneza gesi ya kuwekwa kwenye soda. Kilikuwa cha serikali, kikauzwa. Mwekezaji alipoingia tu tukasikia kuna list ya kupunguza watu. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Usingizi ukakata.

Sasa, gesi ile lazima ioshwe kwanza. Kuna mnara: gesi inapanda kutoka chini, maji yanashuka kutoka juu, na katikati umejazwa vipande vinavyofanya vikutane vizuri. Vyetu vilikuwa pete za kauri, zimezeeka, zimepondeka hadi mnara ukaziba. Kuagiza nyingine nje ni miezi.

Kikaoni kimbelembele kikanituma. Nikamwambia bosi mpya kwetu Kibosho kuna mawe mepesi yenye matundu. Mfongo wetu, ule mfereji wa kumwagilia migomba, unapita juu ya mawe hayo na maji hayajawahi kugoma.

Bosi akafurahi, akapanga lori liende Jumatatu. Huko nyumbani baba mdogo akaanza kuyakusanya kando ya barabara. Sifa hizo, we acha tu.

Dada Adela wa maabara, mtu wa Bukoba, mbishi kweli kweli, akagoma. Akataka tujaribu kwanza, mawe pipa moja, na pipa la pili vipande vya bomba la plastiki.

Tukatoboa mapipa chini, feni ikasukuma hewa iingie kwa chini. Kila pipa lilikuwa na mpira mwembamba uliopinda, ndani una maji ya rangi. Hewa ikipata shida kupita, maji yale yanapanda upande mmoja.

Kabla ya maji, mawe yalizidiwa kidogo tu na plastiki. Nikaanza kutamba.

"Fungulia maji kwanza, kaka," akasema Adela.

Nikafungulia. Kwenye plastiki maji yakashuka taratibu, hewa ikapita zake. Kwenye mawe niliishiwa pozi wakuu. Matundu yalijaa maji, njia zikawa finyu, hewa ikayazuia yaliyobaki yasishuke. Yakafurika juu ya pipa. Yale ya rangi yakaruka nje ya mpira yakanilowesha shati.

Tukarudia mara tatu, yale yale.

Ndipo nikaona ujinga wangu. Kwenye mfongo maji hayana anayeyapinga. Kwenye mnara kuna gesi inayokuja kutoka chini, inagombea njia ile ile.

Hiyo ni Ijumaa. Nikisema, najipeleka mwenyewe kwenye list. Nikinyamaza, mnara unaziba tena na kiwanda kizima kinaenda nyumbani. Adela akajitolea kwenda kusema yeye. Niliogopa sana, sifichi, ila nikaona aibu zaidi kumtuma mtu. Nikaenda.

"Bosi, yale mawe hayafai. Nilikosea."

"Si ulisema yanafaa?"

"Nilisema kabla sijayamwagia maji."

Akachukua karatasi ya vipimo niliyokuja nayo, akaniambia nirudi kazini. Basi.

Jumatatu lori halikwenda. Tulikata mabomba ya plastiki siku nne, tukajaza mnara, ukafanya kazi.

Wiki iliyofuata list ikabandikwa ubaoni. Jina langu lilikuwepo, la nne, limepigwa taipu kabisa. Ila juu yake kulikuwa na mstari wa kalamu, limekatwa. Nikakaa sakafuni pale pale nikacheka kama chizi, watu wakaniruka.

Nilichojifunza: jaribu kitu katika hali ile ile kitakayofanyia kazi, na ukikosea wahi kusema mwenyewe.

Mafundi wenzangu, nikosoeni kwenye vipimo. Na nyie mliowahi kukuta jina lenu kwenye list, semeni, lilikatwa au lilibaki?