Watoto Hawahesabiwi

Juzi, kwenye ofisi ya nyumba kule Marshalltown, ughaibuni tunakoishi sasa, karani alimuuliza binti yangu Riziki ana watoto wangapi. "Wanne," akajibu palepale. Nilishtuka.

Mama yangu asingethubutu. Kwetu Lubumbashi mtoto hahesabiwi, kifo kisije kikasikia. Nikiwa mtoto, siku tulipokwenda naye kuomba nyumba huko, ofisi ilinuka wino na jasho. Karani akamuuliza:

"Mama, uko na watoto wangapi? Wanne chumba kimoja, watano viwili."

"Ni wale Mungu alinipa."

"Eh, mama! Sasa niandike Mungu?"

Nilidhani Mama amesahau, nikamsaidia: "Kabwe, Mwamba, Ilunga, mimi Kalenga, na Ngoy."

Mdogo wetu Ngoy tulikuwa tumemzika. Sikujua kwamba aliyezikwa haombewi nyumba. Mama alinibana mkono. Karani akahesabu kwa vidole, akaandika vyumba viwili.

Chumba cha pili Mama alikiita cha Ngoy mpaka tulipohama.