Bohari Isiyopigiwa Simu

Kwenye bohari kuu ya kampuni iliyouza pampu za maji na vipuri vyake, jina la kuzaliwa la mtunza bohari lilikuwa limeshasahaulika. Walimwita Bwana Ipo. Matawi yote yalimpigia yeye kuuliza kama pampu ya aina fulani ipo, naye, kwa sauti ya mtu aliyekalia hazina ya mfalme, hujibu, "Ipo." Kama haikuwepo, alisita kwanza, akakohoa, kana kwamba anatoa taarifa ya msiba. Pampu ina msiba gani? Lakini ndivyo alivyokuwa.

Nyumbani aliishi peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa mtu wa ujumbe mfupi: shikamoo baba, natumaini u mzima. Ukishajibu marahaba, mzima, mazungumzo yamekwisha. Alipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki. Kwa hiyo asubuhi alifika kazini mapema kuliko wote, watu wakamsifu kwa bidii. Bidii iko wapi? Alikuwa anaukimbia ukimya wa nyumba yake.

Simu ya kwanza kila siku ilitoka tawi la mpakani, kwa mwanamke aliyesimamia duka la huko. Hawakuwahi kuonana. Aliuliza kuhusu mipira ya pampu, kisha wakateleza polepole hadi kwenye mvua, goti la mwanamke huyo lililomsumbua, mjukuu wake aliyeanza kutambaa. Mwanamke alimwita kaka, naye Bwana Ipo akamwita dada, na wote wawili walijua kwamba soga zile zilikuwa na kibali cha kazi. Bila mipira ya pampu, hakuna ambaye angethubutu kuinua simu.

Ndipo ulipokuja mfumo. Binti mmoja, fundi wa kompyuta, aliwakusanya akawaeleza kwamba mahesabu, mauzo na mizigo ya matawi yote sasa vitaunganishwa mahali pamoja, kwenye kile wanachokiita wingu: kompyuta kubwa za watu wengine, ziko mbali huko, kampuni inazikodi na kuzitumia kwa intaneti. Tawi likiuza, bohari inaona papo hapo. Kitu kikipungua, mfumo wenyewe unaagiza. Mgala muue na haki yake mpe: ulifanya kazi. Zamani pampu moja iliweza kuuzwa na matawi mawili, wateja wakaja kugombana dukani, hilo likakoma. Mtu aliyekuwa akisubiri kifaa wiki nzima, sasa alikipata kesho yake. Mauzo yakapanda, meneja akanawiri. Bwana Ipo hakufukuzwa, na kwa hilo meneja apewe sifa zake. Alipewa kiti kipya na kompyuta ya kufuatilia mizigo, akaambiwa, "Sasa pumzisha masikio, mzee wangu."

Masikio yakapumzika kupita kiasi. Mara kwa mara aliinua simu kuhakikisha kwamba haijaharibika. Ilikuwa nzima kabisa. Hakuna aliyemkosea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hakuwa na wa kumlaumu. Alimkumbuka yule dada. Na tuseme ukweli, alimkumbuka kuliko alivyodhani mtu wa umri wake anaruhusiwa.

Basi akafanya jambo la kijinga. Asubuhi moja aliingia kwenye mfumo akaandika kwamba mipira ya pampu imekwisha bohari kuu, ilhali rafu nzima imejaa nyuma ya kiti chake. Alijua tawi la mpakani haliwezi kukaa bila mipira ile. Dada akiona imekwisha, lazima atapiga kuuliza kulikoni. Alisafisha koo, akaiweka sauti sawa, akasubiri. Hata chai hakwenda kunywa, asije akapigiwa akiwa jikoni.

Simu haikuita siku hiyo. Kesho yake pia haikuita. Siku iliyofuata meneja alikuja uso umemkunjuka, akamwonyesha kwenye kompyuta: mpakani walihitaji mipira, bohari kuu haikuwa nayo, mfumo ukaitafuta wenyewe, ukaikuta tawi la jirani, ukapanga na gari. Mzigo ulikuwa umeshafika.

"Umeona, mzee?" meneja alisema. "Hakuna aliyepiga hata simu moja."

Alijibu kwamba ameona. Kisha akakiri kuwa idadi aliiandika vibaya, mipira ipo. Meneja aliigeukia rafu, akacheka, akasema vidole vitazoea tu, akaenda zake. Afadhali angegomba, angalau wangezungumza.

Bwana Ipo akarekebisha ile idadi, akakaa. Hila zilikuwa zimemwishia. Mficha uchi hazai, alijiambia, akabonyeza namba ya mpakani.

"Kaka?" dada alipokea. "Kuna tatizo kwenye mfumo?"

"Hapana."

"Mzigo, basi?"

"Mzigo hauna neno. Nimepiga kukusalimia tu."

Huko kwake alisikika mwanamume akiuliza bei ya bomba, akarudia kuuliza, asijibiwe.

"Nilidhani ulikuwa unaongea na mimi kwa ajili ya kazi," dada alisema hatimaye. "Kazi ilipoisha, nikasema nisikusumbue. Iliniuma, kaka. Sasa nimeshazoea."

Bwana Ipo aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Mimi sijazoea," alisema.

Alimsikia akivuta pumzi, kisha akiugeuza mdomo pembeni ya simu. "Samahani, baba," alimwambia mteja wake, "nisubiri hapo nje kidogo."