Maua Niliyobeba Mugongoni

Cheka kwanza umalize, kisha nikuambie, maana mpaka leo mume wangu ananiita "Mama Maua" mbele ya wageni.

Mudogo wangu Béatrice alikuwa anaolewa kule kisiwani Chisenga, na mimi, dada mukubwa, nikajitia mupambaji wa kanisa. Rafiki yangu ana dimbwi lenye yale maua ya zambarau yanayoelea (mazuri, vraiment, kweli kabisa, hata wewe ungeyaiba). Nikang'oa rundo zima pamoja na mizizi, yasinyauke. Pale bandarini Nchelenge, tunangojea boti ya kisiwani, nikasikia mama mumoja anasema siku hizi kisiwani kuna mukaguzi, sheria imekataza kuingiza mumea mugeni. Mutu mwenye akili angeyaacha palepale. Mimi nikayafunga katika kitenge, nikayabeba mugongoni kama mutoto.

Bon, tukafika. Mukaguzi alikuwa musichana mupole, Mubemba, Kiswahili chake cha sokoni, na kila mama anamuita "Mayo" kwa lugha yake.

"Mayo, mutoto analala?"

"Analala."

"Mbona analowa?"

"Amekojoa," nikasema (ndiyo, nilisema hivyo, na maji yanachuruzika mpaka visigino).

Wakwe wa Béatrice waliokuja kutupokea wakasikia neno mutoto, vigelegele vikaanza, "Dada, umezaa na hukutuambia!", mama wa bwana harusi akanyoosha mikono, "Lete nimubariki," akavuta kitenge, na ile mizizi myeusi, mirefu kama ndevu, ikamwangukia kifuani. Akapiga yowe, akakaa mchangani puu! Boti nzima ikacheka, mukaguzi naye akageuka kando, mabega yanamtetemeka.

Alipogeuka tena hakuwa anacheka. Akanionyesha mufereji mwembamba ambamo wavuvi wanapitisha boti zao.

"Mayo, hii moja inazaa nyingi. Ikifunga pale, hakuna boti, hakuna samaki. Batu wa hapa watakula nini?"

Hapo ndipo aibu ya kweli ilinishika. Angeweza kunifikisha mbele ya sheria, lakini alinihurumia: niyachome mwenyewe, yote, hata jani moja lisirudi majini. Wanawake wanaokausha samaki wakanipa moto wao, nikayachoma nimevaa nguo yangu ya kuendea harusi, mpaka naingia kanisani nanuka moshi na samaki, kila benchi linageuza pua, na Béatrice pale mbele anacheka mpaka shela inamwanguka.

Sasa nikishuka Chisenga simngoji mukaguzi aniulize. Nafungua begi mwenyewe, namuonyesha hata kitunguu.