Mwalimu Aliyejua Jibu Akanyamaza

Saa tisa alasiri. Katika ghala la pamba la kijiji kimoja cha Ringwani, Wilaya ya Serengeti, Mwalimu Selestine Mseti anasukuma magunia kando ili wanafunzi wake wapate pa kukaa. Ni Julai 1977, msimu wa kununua pamba umeanza, na kila siku darasa la kisomo linazidi kubanwa ukutani.

Wanafunzi wanaingia na udongo wa shamba miguuni. Mzee Rubeni, mwenye wajukuu wanaosoma darasa la tano, anapanda juu ya gunia na kudai kitabu kabla hakijachukuliwa. Vitabu ni sita tu. Waliohudhuria leo ni kumi na tisa.

Mwezi wa nne walikuwa thelathini na mmoja.

"Usiandike kwamba kilimo kimewashinda," mwalimu anamwambia mwandishi kabla hajaulizwa. "Kumi na wawili wale niliwafukuza mimi. Niliwafukuza kwa sentensi moja."

Karibu na mlango kuna gunia ambalo hakuna anayelikalia. Mzee Rubeni analipita, analitazama, anakwenda kubanana na wenzake. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mama Waisiko.

Selestine ana miaka thelathini na mmoja. Alimaliza darasa la saba, akarudi kwenye jembe, na kijiji kikamteua kufundisha watu wazima siku nne kwa wiki. Posho yake ni shilingi thelathini kwa mwezi. Mkewe, Esta, anasema posho hiyo haifikii hata viatu anavyovimaliza kuwafuata wanafunzi majumbani, naye Esta si mtu wa kutia chumvi.

Katika wanafunzi wote, Waisiko ndiye aliyekuwa fahari yake. Ni mjane wa miaka hamsini hivi. Mwaka 1975 alishika penseli kama mtu anayeshika mwiko wa ugali. Baada ya miaka miwili alikuwa anasoma mwenyewe barua za binti yake, Kezia, aliyeolewa Nyamongo. Zamani barua hizo alizitembeza nyumba tatu akitafuta msomaji, na jioni kijiji kizima kilijua Kezia anakula nini kwa mumewe.

Agosti hii alikuwa afanye mtihani wa hatua ya nne. Wanawake walikwisha kukubaliana kwamba akifaulu atawafundisha yeye, uani kwake. Ghalani wamo baba wakwe zao, na kwa mila za huku mke wa mtoto hainui sauti mbele ya mkwe. Wengine walikuwa wakisoma kwa midomo tu, bila kutoa neno. Tumaini lao lote lilikuwa kwa Waisiko.

Kisha ikaja siku ya hadithi.

Hadithi yenyewe ni ya kurasa mbili, ndani ya kijitabu cha kisomo. Mama mmoja na mwanawe wanahama kwenda kijiji kipya. Mwana amekwisha pakia vitu kwenye mkokoteni, ng'ombe wamefungwa nira, jua linapanda. Mama anachukua ufagio. Anafagia mahali pamoja kando ya ukuta, anafukuza mbuzi aliyetaka kupita hapo, anafagia tena. Mwana anamfokea. Mama anaendelea kufagia. Basi, hadithi imekwisha.

Maswali ni mawili: mgogoro wa wahusika ni upi, na kuna maana gani iliyofichika? Kiongozi cha mwalimu, kijitabu anachobaki nacho Selestine peke yake, kinatoa jibu: mama ni mawazo ya kale, mwana ni mawazo mapya.

Siku hiyo alikuwapo mgeni kutoka wilayani, ameketi nyuma na kalamu yake, akipima maendeleo ya darasa. Mzee Rubeni alijibu wa kwanza kwamba mgogoro ni wa mtoto asiye na adabu, na kwamba angekuwa wake angemtia adabu. Watu wakacheka. Mwingine akasema mama ni mkaidi. Ndipo Waisiko akasimama.

"Huyu mama si mkaidi," alisema. "Hapo ukutani kuna mtoto."

Mgeni akauliza mtoto gani, maana hadithi haina mtoto. Waisiko akafungua kitabu, akapitisha kidole chini ya mstari, akausoma kwa sauti mbele ya wakwe na wasio wakwe. Halafu akasema, "Mtu hafukuzi mbuzi mahali patupu."

Selestine anakumbuka kwamba alimtazama mgeni, akaona kalamu imeinuliwa inangoja mwalimu atasema nini. Kwenye mapaja yake kiongozi kilikuwa wazi, na jibu lilikuwa limepigwa mstari.

"Mama," alimwambia Waisiko, "tunasoma kilichoandikwa. Hayo ya nyumbani kwako yaache nyumbani kwako."

Darasa likacheka. Waisiko alifunga kitabu, akakifuta jalada kwa kanga yake, akakirudisha juu ya vingine. Akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Hajarudi. Wiki ile ile wanawake watatu hawakuonekana, na kufikia mwisho wa mwezi wa tano walikuwa wameondoka kumi na mmoja zaidi yake.

Mgeni naye aliandika kwamba mwalimu anaimudu kazi yake. Selestine anaitaja sifa hiyo kwa aibu, kama mtu anayetaja wizi.

Kilichokuja kumvunja moyo si kugundua kwamba Waisiko alikuwa sahihi. Alilijua hilo tangu anaisoma hadithi peke yake, usiku wa kuamkia somo.

"Mama yangu alifanya vilevile," anasema, na hapo anaacha kusukuma magunia. "Mwaka sabini na nne, siku tuliyohamia kijiji hiki, alifagia ukutani. Mimi nilikuwa nimempa mgongo nafunga kamba za mkokoteni, nikamwambia, mama, unatuchelewesha kwa vumbi? Ufagio ukaendelea. Niliposoma ile hadithi ndipo nikaelewa alichokuwa anafagia. Huyu mama wa watu akalisema mbele ya darasa, mimi nikamkana."

Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Mjukuu wa Selestine alizaliwa siku ile ile, mgeni akiwa bado anakunywa chai.

Amekwenda kwa Waisiko mara tano. Kila mara anakaribishwa, anapewa uji wa ulezi, anaulizwa habari za Esta. Akianza tu kulitaja darasa, mwenyeji anakwenda kuangalia kuku.

Mwandishi alimkuta Waisiko shambani kwake, mgongo umeinama, vidole vikichambua pamba haraka haraka. Baada ya shikamoo na marahaba alikubali kusema machache bila kuacha kazi.

"Simchukii. Ni mtoto wa hapa hapa," alisema. "Mimi nilimwacha wangu kule tulikohama. Alikuwa wa miezi minne, tukamzika kando ya ukuta. Hatukuweka jiwe, nilijua nitakuwa napaona kila siku nikitoka mlangoni. Sasa mwalimu ananiambia niyaache nyumbani. Nyumbani gani? Niliyaacha kule nikaja hapa."

Je, atafanya mtihani?

"Kusoma nimejua," alijibu, akatupa pamba kapuni. "Kilichonishinda ni kuulizwa."

Juma lililopita Selestine alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwandikia barua. Aliandika kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, kwamba mwalimu alilijua akanyamaza kwa kumwogopa mgeni, na kwamba Jumatatu hii inayokuja atayasema hayo hayo mbele ya darasa, kabla ya kufungua kitabu chochote. Hakuomba arudi.

Jibu lilikuja juzi, limeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Selestine analitoa mfukoni, analinyoosha juu ya gunia. Herufi ni kubwa na zimekazwa sana.

"Mwalimu. Jumamosi nakwenda kule. Pameota msitu. Njoo na panga. Kitabu usije nacho."

Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Panga amekwisha linoa, liko nyuma ya mlango wa nyumba yake, na Esta ameambiwa amwandalie viazi vya njiani. Selestine anatumaini kwamba Waisiko atarudi darasani kabla ya Agosti, na wanawake wale watamfuata, ila hatamuuliza. Ameapa kutouliza.

"Tukimaliza kwake, tungepita na kwetu. Ni karibu," anasema huku akikunja ile karatasi. "Lakini mama alifariki mwaka juzi. Zile kuta zimeanguka zote, na mimi sikumuuliza ni kando ya ukuta upi."