Kandida na Jina la Juu Kabisa

Ukipita Maisaka ukaona stesheneri ndogo yenye mlango wa bluu, na ndani yake dada anayeongea na kompyuta kama anaongea na shoga yake, huyo ndiye Kandida. Anatoa kopi, anachapa barua za maombi ya kazi, na akipata nafasi anaandika programu kwa lugha ya Python. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye simu, huku wateja wakibishana ni cheti gani kianze kutolewa kopi.

Programu yake moja tunaitumia sisi wakulima wa mfereji kule Singe. Tuko thelathini na wanane na maji ni hayo hayo, kila mtu zamu moja kwa wiki. Siku moja kabla, programu inakutumia meseji: kesho saa fulani, zamu yako. Usipofika, maji yanaenda kwa jirani.

Sasa mwezi wa sita akaja dukani kwa Kandida mwenzetu Apolinary, Baba Sabrina, amenuna.

"Shikamoo, Baba Sabrina."

"Marahaba. Kandida, niambie ukweli, kikundi kimenitenga?"

"Kwa nini tena?"

"Wiki ya tatu sipati meseji. Ya kwanza nilisema ni mtandao. Ya pili, simu. Sasa naona ni watu. Vitunguu vyangu vimelala chini kama walevi. Jumamosi kwenye kikao najitoa, shamba nakodisha."

Kandida akaifungua programu. Haikuonyesha kosa lolote. "Programu ni nzima, baba. Labda ni simu yako."

"Simu yangu? Shemeji yangu wa Dodoma akiomba hela, meseji zake zinaingia mara nne kwa siku!" Akatoka bila kuaga.

Silau, katibu wetu, alikuwepo akisubiri kopi zake. Huyu alihamia kutoka Simanjiro, na siku hizi Kandida anamfundisha Python. Akachungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada Kandida, hii x ni nini?"

"Orodha ya wakulima."

"Na y?"

"Saa ya zamu. Ngoja... hapana, siku."

"Na hii ugali?"

"Ni maneno ya meseji. Siku ile nilikuwa na njaa."

Silau alicheka mpaka akashikilia mashine ya kopi. "Kwetu ng'ombe mia, kila mmoja ana jina lake na mama yake anajulikana. Wewe vitu vitatu tu vimekushinda?"

Ilimuuma Kandida. Akarudishia mlango nusu, akaanza kuisafisha programu. Ile x ikawa wakulima, y ikawa siku_ya_zamu, ugali ikawa ujumbe. Kipande alichokuwa amekinakili sehemu tatu akakiandika mara moja tu. Halafu akafika kwenye mstari wa zamani uliojaa namba, ulioiamuru kompyuta ianzie mstari wa pili wa orodha na kushuka ikihesabu hadi mwisho. Akaufuta, akaandika kama wenye Python wanavyoandika: for mkulima in wakulima.

"Kwa kila mkulima kati ya wakulima," akasoma kwa sauti. "Kila mkulima. Sasa ule wa zamani kwa nini ulianzia wa pili?"

"Si ulisema mstari wa juu ni kichwa? Ule wa 'Jina' na 'Simu'."

"Na bado upo?"

Silau akajikuna shingo. "Niliufuta. Wiki tatu zilizopita, nilipopanga majina kwa alfabeti. Nilidhani napendezesha."

Wakafungua orodha. Juu kabisa, pale pa kichwa ambapo programu ilikuwa inaparuka, Apolinary.

"Mungu wangu," Kandida akasema. "Tumemtenga kweli!"

Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani kwangu nikamwona Baba Sabrina anashuka na jembe, simu kaiinua juu. Kandida na Silau walikuwa wanamsubiri mferejini kumwomba radhi.

"Nne!" akapaza sauti. "Nimepata meseji nne!"

"Nilikuwa najaribu, baba," Kandida akasema. "Zamu ni moja."

"Hazikuandikwa 'kujaribu'. Zimeandikwa 'zamu yako'." Akazibua maji yakaingia kwenye matuta ya vitunguu, na sisi majirani tukamwachia hata muda wake ulipopita.

"Kwa hiyo Jumamosi unajitoa?" Silau akamuuliza.

"Nijitoe na meseji nne? Hebu sogea katibu, unanikanyagia maji."