Dirisha la Ukungu

Mke wa mwashi alikuwa mtunza farasi, na wakati alioupenda kuliko wote ni alasiri, farasi wanaposinzia wamesimama. Midomo yao ya chini hulegea, masikio huangukia pembeni, mguu mmoja wa nyuma hupumzika kwenye ncha ya kwato. Alikuwa akipita kati yao na brashi mkononi, polepole, kama anayekatiza ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Ukungu, farasi jike wa kijivu, naye alisimama kimya. Ila kimya chake kilikuwa kingine. Jirani yake, dume mzee mweusi, alikuwa amehamishiwa nyuma ya ukuta penye nafasi zaidi, na tangu hapo Ukungu aliuelekea ukuta ule ule. Masikio aliyageuza nyuma, magumu. Ngozi juu ya jicho ilijikunja ikafanya pembe, matundu ya pua yakabana, kidevu kikakazana kama cha mtu anayezuia kilio.

"Huyu hasinzii," mke wa mwashi alimwambia msimamizi wa zizi. "Ana huzuni."

"Daktari amempima, dada, mwili hauna neno. Na chumba kingine sina. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningetoboa ukuta."

Msimamizi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Haya. Mumeo si fundi? Mlete."

Kumleta ndiyo ikawa shughuli, mke alipomweleza alichokisoma usoni mwa Ukungu. "Mama watoto," mwashi alisema, "uso wako wewe umenishinda miaka yote hii, leo niusome wa farasi?"

"Anza na farasi, baba. Wao hawajui kuficha."

Alicheka hadi chai ikampalia. Lakini kesho yake alibeba nyundo na tindo. Farasi wakatolewa uani, naye akatoboa dirisha pana, akalainisha kingo kwa saruji zisije zikawachubua shingo.

Saruji ilipokauka, Ukungu alirudishwa. Aligoma mlangoni, kichwa juu, weupe wa jicho ukionekana kwa woga. Hapo pua nyeusi ikachomoza dirishani, ikapuliza. Masikio ya Ukungu yakaja mbele, yote mawili. Akasogea. Pua zikagusana, wakavuta pumzi moja ndefu, na kooni mwake ukatoka mtetemo laini ambao mwashi aliuhisi kifuani kabla ya kuusikia. Ile pembe juu ya jicho ikanyooka. Kidevu kikalegea.

"Nimeona," mwashi alinong'ona. "Hapa, juu ya jicho. Kumbe!"

Mkewe alimshika mkono tu. Vumbi lilielea kwenye mwanga, farasi wawili wakasinzia vichwa dirishani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Baadaye msimamizi alitaka madirisha katika vyumba vyote, na mwashi akawa mgeni wa kila siku pale zizini. Alipofungua la mwisho, farasi wa chumba kile, mwekundu na mwenye hasira, aliwaona majirani akalaza masikio bapa, pua ikajikunja, meno nje.

"Huyu hataki mtu," mwashi alisema, bila kuambiwa na yeyote, akaenda kutafuta ubao wa kumtengenezea kifuniko cha dirisha.